Silinda ya Nne

Siku ya kwanza sikushika bisibisi.
Nilichana boksi la sabuni, nikakata kwa mkasi
miduara kumi na mmoja, mistatili miwili,
nikaandika kwa wino mzito: OILI. JOTO.
PETROLI KUSHOTO. PETROLI KULIA.
Nikaibandika yote juu ya vioo vya zamani.

"Fumba macho, Kapteni.
Uko juu ya Napak, mawingu yamekaba, injini imekohoa.
Fumbua."
Sikutazama boksi. Nilitazama macho yake.
Yalikimbia chini kulia, karibu na goti la abiria,
huko walikoitupa geji ya oili wale walioiunda ndege hii
kabla mama yangu hajaolewa,
kama watu waliokumbuka mwishoni kabisa
kwamba injini nayo ina damu.

"Miaka ishirini na sita," akasema Ekwaru,
"shingo imezoea kuinama pale."
Akaligonga boksi kwa ukucha, ko, ko,
kama alivyogonga kioo kila siku ili mshale uliokwama ushtuke.
Boksi halikushtuka.
Esagu, mwanagenzi wangu, alicheka mpaka akadondosha spana.

Siku ya tatu tuling'oa bati.
Jua la Soroti lilikuwa likiyaliza mabati ya hanga.
Nyuma ya paneli, nyaya zisizokwenda popote,
zimekatwa na mtu mwenye haraka,
ncha zimefungwa plasta ya kidonda;
kiota cha nyigu, udongo mkavu;
shilingi moja ya zamani isiyonunua kitu.
Na mgongoni mwa geji ya joto, kwa penseli:
Hii inapunguza. Ongeza ishirini.
Hakuna jina, hakuna tarehe.
Mwandiko mzuri, wa mtu aliyefunzwa kwa kiboko.
Alijua, akaandika upande wa ndani,
akafunga skrubu nne, akaenda kula.

Nilimwonyesha Kapteni.
Alisoma midomo ikicheza. "Ishirini," akasema.
Kisha akatoka, akasimama chini ya bawa muda mrefu,
akihesabu, nadhani, safari:
wajawazito wa Kaabong, chanjo kwenye barafu,
yule mtoto wa Kotido aliyetapika juu ya ramani.

Geji ile ilikuwa na kihisi kimoja tu, silinda ya pili.
Shahidi mmoja kwa ndugu sita,
na kila jioni tuliandika kitabuni: wazima wote.
Mimi niliweka sita.
Nilivuta nyaya usiku kwa taa ya kichwani,
kila waya na kitambulisho chake,
maana atakayefungua baada yangu huenda hajazaliwa.
Skrini nikaipandisha mbele ya pua ya rubani,
oili juu, pale jicho linapoangukia lenyewe.

Tulipowasha, nguzo sita za kijani zilipanda.
Ya nne ikawapita nduguze. Ikawa njano. Ikaendelea.
"Imeanza lini hii?"
"Leo imeanza kuonekana."
Akazima. Panga likazunguka, likasita, likasimama.
"Mficha maradhi," akasema, hakumalizia.

Ilikuwa raba ndogo ya kuelekeza hewa,
imekunjika ndani badala ya nje,
upana wa vidole viwili,
labda tangu enzi za yule wa penseli.
Esagu aliinyoosha kwa kidole gumba.

Jumatatu tulipaa, mimi kiti cha kulia.
Nguzo sita, sawasawa.
Ziwa Bisina likabaki nyuma ya bawa.
Tulipokata kona kuelekea Napak
shingo yake ikainama, chini kulia, penye goti langu,
pale nilipopigilia kibati kitupu nikakipaka rangi.
Kidole kikatoka kwenye usukani. Ko, ko.
Aliniona nikimwona.
"Shingo," akasema, akirudisha macho mbele,
"hii itachelewa."